Kengele ya Mfalme wa Chu: kisa cha dola ndogo ya Zeng

Mwaka 1977 askari waliokuwa wakisawazisha kilima cha Leigudun, nje ya mji wa Suizhou katika jimbo la Hubei, China, ili wajenge karakana, waliona udongo wa chini haufanani na ule wa kandokando. Mwezi Mei mwaka uliofuata wanaakiolojia walifungua kaburi kubwa la mbao lililojaa maji. Mwenyewe alikuwa mwanamume wa umri wa kama miaka 45, aliyezikwa pamoja na wanawake 21 na mbwa mmoja. Vyombo vyake vya bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, vilikuwa na uzito wa tani kama 10. Na maji yalipopungua, zilijitokeza kengele 65, nyingi zikiwa bado zimening'inia kwenye mihimili yake kwa safu tatu, miaka 2,400 na ushei baada ya kutundikwa.

Jina la marehemu limeandikwa humo tena na tena: Yi, hou wa Zeng. Hou ni cheo, cha pili katika vile vyeo vitano ambavyo kwa mapokeo ya Kichina mfalme wa Zhou aliwagawia watawala wa nchi zilizo chini yake. Tajiri huyu, basi, hakuwa mfalme. Alikuwa mtawala wa nchi ndogo.

Kengele 64 ni za kundi moja. Kila moja hutoa sauti mbili, ukiigonga katikati na ukiigonga pembeni, na juu yake kumeandikwa ni sauti zipi. Ya 65 imening'inia katikati ya safu ya chini, mahali pa heshima, nayo haina umbo la wenzake wala maandishi ya sauti. Ina maneno 31 tu, ambayo kwa Kiswahili chepesi yanasema hivi: katika mwaka wa 56 wa utawala wake, aliporudi kutoka Xiyang, Xiong Zhang mfalme wa Chu alimtengenezea Yi, hou wa Zeng, chombo cha hekalu la wahenga wake, akakiweka Xiyang, kitumike daima. Mwaka wa 56 wa Xiong Zhang, ambaye historia inamwita Mfalme Hui, ni 433 KK. Wataalamu wanaona kengele nyingine iliondolewa ili hii ipate nafasi.

Hapo ndipo kisa chetu kilipo. Chu lilikuwa jitu la kusini, dola iliyokuwa imemeza majirani zake mmoja baada ya mwingine kwa karne tatu. Huyu Hui mwenyewe aliimaliza Chen mwaka 478 KK, akaimaliza Cai mwaka 447 KK, na Qi mwaka 445 KK. Miaka kumi na miwili baada ya Qi, mtu huyohuyo anamtumia hou wa Zeng kengele ya kilo zaidi ya 130. Kwa nini Zeng ilipewa kengele pale ambapo Cai ilipewa jeshi?

Lakini kwanza kuna tatizo la jina, kwa sababu bila kulitatua kisa hakisomeki.

Vitabu vya kale vya China havina dola ya Zeng mahali hapo. Ipo Zeng nyingine, mbali kaskazini mashariki huko Shandong, isiyohusika. Vitabu vinachokitaja katika eneo la Suizhou ni dola iitwayo Sui, na vinaisifu: mashariki ya mto Han, Sui ndiyo kubwa kuliko zote. Ardhi ikatoa Zeng, vitabu vikasema Sui. Mwezi Oktoba 1978 mwanahistoria Li Xueqin alipendekeza kwamba hizi ni nchi moja yenye majina mawili. Wengine walikataa kwa miaka mingi, na hawakukosa hoja: makaburi yote hayo, na hakuna hata moja lenye neno Sui?

Aliyemaliza ubishi ni mwanamke, binti wa kifalme wa Chu aitwaye Mi Jia. Kuna chungu cha bronzi ambacho mfalme wa Chu alimtengenezea alipoolewa, nacho kinamtaja kuwa ni bibi wa Sui. Mwaka 2019 kaburi lake likatambuliwa katika makaburi ya Zaoshulin, Suizhou, kando ya mumewe Bao, ambaye vyombo vyake vinasema ni hou wa Zeng. Watu wa kwao walimpeleka Sui, yeye akafika Zeng. Kengele zake mwenyewe zinajieleza: mumewe alipofariki mapema, yeye ndiye aliyelinda mipaka na kuisimamia nchi ya Zeng. Wenyeji walijiita Zeng, wengine wakawaita Sui, na waandishi wa vitabu walikuwa hao wengine.

Sasa tunaweza kuunganisha yaliyoandikwa na yaliyochimbwa.

Zeng haikuanza kama mtiifu wa Chu. Ilianza kama mlinzi dhidi ya watu wa aina ya Chu. Makaburi ya Yejiashan, yaliyochimbwa kuanzia 2011, yanaonyesha kuwa watawala wa Zeng walikuwapo Suizhou tangu mwanzo kabisa wa enzi ya Zhou, katika karne ya 11 na ya 10 KK. Walikuwa wa ukoo wa Ji, ukoo wa wafalme wa Zhou wenyewe. Kazi yao inaeleweka ukitazama ramani: Suizhou iko kwenye ukanda wa tambarare kati ya milima ya Tongbai na ya Dahong, njia ya kutoka bonde la Mto Manjano kwenda kwenye migodi ya shaba ya kusini. Chombo kimoja cha Zeng kinazungumzia kufungua njia ya shaba na mapito ya bati. Bila bronzi mfalme wa Zhou hakuwa na silaha wala vyombo vya tambiko, kwa hiyo alimweka ndugu yake mlangoni.

Mwaka 771 KK Zhou wakapoteza mji wao mkuu wa magharibi, wakahamia Luoyang, na tangu hapo wakabaki na heshima bila jeshi. Mlinzi wa mlango akawa peke yake.

Chu haikukawia. Mwaka 706 KK mtawala wake, Xiong Tong, aliingia na jeshi nchini Sui. Mshauri wake alimpa hila nzuri: waonyeshe wajumbe wao askari wako dhaifu, wapate kiburi. Upande wa Sui alikuwapo mtu aitwaye Ji Liang aliyeitambua hila hiyo, akamwambia bwana wake maneno ambayo Wachina wanayanukuu hadi leo: wananchi ndio wenyeji wa miungu, hivyo anza na wananchi, sadaka zifuate baadaye. Hou akaogopa, akatengeneza utawala wake, Chu haikuthubutu. Miaka miwili baadaye Xiong Tong aliita mkutano, Sui haikwenda. Safari hii Ji Liang hakusikilizwa. Sui ikapigwa, gari la vita la hou likatekwa, akaomba amani.

Katikati ya mambo hayo kuna tukio alilolihifadhi mwanahistoria Sima Qian, nami naona ndilo linaloonyesha vizuri kuliko yote ugumu wa nafasi ya Zeng. Xiong Tong hakutaka ardhi tu, alitaka cheo. Akamtuma hou wa Sui, kwa kuwa ni mtu wa ukoo wa Ji, aende kumwombea kwa mfalme wa Zhou. Hou akaenda. Zhou wakakataa. Xiong Tong akajitangaza mfalme mwenyewe mwaka 704 KK. Kisha Zhou wakamwita hou wa Sui wakamkaripia kwa kumkubali Chu kuwa mfalme, na Chu nao, waliposikia kaitwa, wakadhani kawasaliti, wakamwendea na jeshi. Mtu mmoja, mabwana wawili, na kila utii wake kwa huyu ni kosa kwa yule.

Jeshi hilo ni la mwaka 690 KK, na mwisho wake ni wa ajabu. Xiong Tong alifia njiani, chini ya mti. Maofisa wake wakaficha habari, wakajenga daraja, wakasonga mpaka karibu na mji wa Sui kana kwamba bwana yu hai. Sui wakaogopa wakala kiapo cha amani. Msiba ulitangazwa baada ya jeshi kuvuka tena mto Han kurudi kwao. Sui ilikuwa imesalimu amri kwa maiti.

Mwaka 640 KK ilijaribu tena, ikiongoza nchi ndogo za mashariki ya Han kuasi. Ikashindwa, na mwandishi wa Zuozhuan, tarehe ya kale (yaani kitabu cha historia) iliyotuhifadhia mengi ya haya, anaipa hukumu kavu: haikupima nguvu zake. Baada ya hapo uasi haurudi tena katika kumbukumbu. Watu wa pwani husema mkono usioweza kuukata, ubusu. Zeng ilijaribu kuukata mara kadhaa ndipo ikabusu.

Kiswahili cha leo kina neno kibaraka kwa mtawala wa namna hii, nalo lina tusi ndani yake. Silitumii. Zeng iliendelea na wahenga wake, cheo chake, karakana zake za bronzi, muziki wake. Ilichopoteza ni haki ya kuchagua adui. Kwa upande wake ilipewa binti wa kifalme, na pengine hilo la Mi Jia kuishika nchi lilikuwa pia njia ya Chu kukaa sebuleni. Lakini kengele zake zinasema kwa sauti ya mtu wa Zeng, na hilo nalo tulipime.

Kisha ukaja mwaka 506 KK.

Wu, dola mpya ya mashariki, chini ya Mfalme Helü, iliipiga Chu huko Boju na kuingia mji wake mkuu wa Ying. Jambo kama hilo halikuwa limewahi kuonekana. Mfalme Zhao wa Chu, kijana mdogo aliyekwisha rithi kiti tangu utotoni, alitoroka. Usiku mmoja kwenye mabwawa ya Yunmeng majambazi walimvamia. Akafika Yun, ambako ndugu wa mtawala wa hapo alitaka kumuua kulipiza kisasi cha baba yao, aliyeuawa na baba wa mfalme huyo. Akatoroshwa tena, akaingia Sui.

Wu walimfuata hadi hapo. Zuozhuan inaweka picha kwa ufupi unaotisha: mfalme wa Chu alikuwa kaskazini ya jumba la hou, watu wa Wu kusini yake. Na ujumbe wa Wu ulikuwa umetungwa na mtu aliyejua pa kugusa. Wajukuu wa Zhou walioishi kando ya mto Han, walisema, Chu imewamaliza wote. Mbingu sasa inaiadhibu Chu, nawe unaificha? Zhou imekukosea nini? Ukitusaidia, ardhi ya kaskazini ya Han ni yako.

Tuipime hoja hiyo kwa haki, kwani haikuwa ya uongo. Watawala wa Wu nao walijihesabu ukoo wa Ji. Zeng ni Ji. Ndugu wengi wa Ji kando ya Han walikuwa kweli wamemezwa. Wu ilikuwa inamwambia hou wa Zeng: rudi kwa ukoo wako, umlipe mwizi, na utajirike.

Ndani ya jumba, Ziqi, kaka wa mfalme aliyefanana naye sura, alimficha mfalme akajitoa: nipeni mimi, mseme ndiye mfalme. Sui wakapiga ramli kama wamtoe. Ramli ikakataa. Ndipo wakawajibu Wu: Sui ni ndogo, iko pembeni, karibu na Chu, na Chu ndiyo iliyoiacha iishi. Tuna viapo vya vizazi, mpaka leo havijabadilika. Tukimwacha mwenzetu shidani, ninyi mtatutumainia vipi? Na tatizo lenu si mtu mmoja huyu. Mkiituliza nchi nzima ya Chu, tutathubutuje kutowatii?

Nimelisoma jibu hili mara nyingi na kila mara naona jipya. Halina tusi kwa Wu. Halikani undugu. Halisemi Chu ni wema. Linasema Chu ilituacha tuishi, neno ambalo mtu huliambia jitu bila kulisifu. Na mwishoni linaacha mlango wazi: mkishinda kabisa, rudini. Wu wakaondoka.

Mfalme alichanja kifua cha Ziqi na kwa damu hiyo akala kiapo na watu wa Sui. Msomaji wa Afrika Mashariki anajua kuchanjana, damu inayowafanya wageni kuwa ndugu. Hapa mkataba huo ulishinda undugu wa kuzaliwa, na ulifungwa na mfalme asiyekuwa na jeshi wala mji.

Je, ilikuwa uaminifu au hesabu? Jirani anatusaidia kupima. Katika ukanda huohuo kulikuwa na dola ndogo iitwayo Tang. Hou wake aliwahi kuzuiliwa Chu miaka mitatu kwa sababu waziri mkuu wa huko, Nang Wa, alitamani farasi wake wazuri. Hou wa Cai naye alizuiliwa vivyo hivyo kwa ajili ya koti la manyoya na mapambo ya jade. Wote wawili walitoka na chuki ya haki kabisa, na wote wawili waliandamana na Wu mwaka 506. Mwaka uliofuata jeshi la Qin, dola ya magharibi, likaja kuisaidia Chu, Wu wakarudi kwao ambako mambo yalikuwa yameharibika, na Tang ikafutwa mwaka huohuo wa 505 KK. Cai ilihamia mbali mashariki kujificha karibu na Wu, ikaishi mpaka Hui alipoimaliza mwaka 447 KK, Wu yenyewe ikiwa imekwisha.

Kwa hiyo hesabu ya Zeng ilikuwa sahihi: Wu ni mgeni wa msimu, Chu ni jirani wa milele. Lakini usiku ule hakuna aliyejua kwamba Qin ingekuja. Magari 500 ya vita ya Qin yalipatikana baada ya mjumbe wa Chu, Shen Baoxu, kulia siku saba akiegemea ukuta wa jumba la mfalme wa Qin. Kama asingelia, huenda Zeng ndiyo ingefutwa. Ninaamini walikuwa na hofu pande zote mbili, na ramli iliwapa sababu ya kufanya lile ambalo viapo vilikwisha kulifanya kuwa jepesi.

Na upande wao wenyewe wanasemaje? Tunao, ajabu, ushahidi. Mwaka 2009 kwenye kaburi la Wenfengta zilipatikana kengele za Yu, hou wa Zeng wa kipindi hichohicho cha vita. Zinaanza na mhenga aliyewasaidia wafalme Wen na Wu wa Zhou. Halafu zinasema waziwazi: nyumba ya Zhou ilipokwisha kushuka, sisi tukapatana na Chu. Karne tatu za vita, kiapo kwa maiti, uasi uliofeli, vyote vimekunjwa katika neno "tukapatana". Kisha watu wa dola ya Wu wanakuja kwa wingi wao na kufanya fujo, nchi ya Jing (ndiyo Chu) inapinduka, na hou wa Zeng, mwenye fahari na hekima, anapigana mwenyewe na kumrudisha mfalme wa Chu mahali pake.

Kupigana mwenyewe? Zuozhuan haina pigano lolote Sui. Ina ramli, ina jibu, ina damu ya kifua. Aliyepigana ni Qin. Kengele inajisifu, kama kengele za wakuu zinavyofanya. Hata hivyo siitupi. Maandishi hayo yalining'inizwa mahali ambapo wajumbe wa Chu wangeweza kuyasoma, na hou alithubutu kuandika kwamba yeye ndiye aliyemsimamisha bwana wake. Mtiifu wa kawaida haandiki hivyo. Mwaka 494 KK hou wa Sui anaonekana tena katika tarehe, amesimama kando ya mfalme wa Chu, na watawala wa Chen na Xu, wakiizingira Cai. Karne nzima na zaidi jina lake halikuwa limetajwa katika vita vya wakubwa. Amerudi mezani.

Mfalme Hui, mtoa kengele, ni mtoto wa yule kijana aliyefichwa. Kati ya usiku ule na kengele kuna miaka 73. Wengi husema ni shukrani, nami nakubali nusu. Shukrani ya miaka 73 inahitaji kitu cha kuiweka hai, na kitu hicho nadhani ni manufaa: Zeng ilikuwa inakaa kwenye mlango wa kaskazini wa Chu, haikuwa na nguvu ya kudhuru, ina watu wanaojua kuyeyusha bronzi kuliko yeyote, na imethibitisha mara moja, wakati mgumu kuliko wote, kwamba mlango hautafunguliwa kwa mgeni. Kuimeza kungeongeza wilaya moja na kupoteza ushahidi hai kwamba kuitii Chu kunalipa. Cai na Chen zilikuwa ushahidi wa upande wa pili.

Maandishi ya kengele nyingine 64 yana jambo linalohusika pia. Yanaeleza majina ya sauti ya Zeng yakilinganishwa na ya Chu, Jin, Qi (dola kubwa, si ile Qi iliyomalizwa na Hui), Zhou na Shen. Mafundi wa nchi ndogo walikuwa wameshika mizani ya muziki wa nchi nyingine kadhaa.

Baada ya Yi kuna kaburi jirani lililopatikana 1981 lenye kengele 36, kisha kaburi la hou aitwaye Bing, la katikati ya enzi ya Madola Yanayopigana. Baada ya Bing, hakuna tena. Hakuna tarehe inayosimulia jeshi la Chu likiingia Zeng, wala hou akitekwa, wala mji ukichomwa; dola iliyoendewa na jeshi la Chu mara nne katika karne ya 8 na ya 7 inaondoka bila kelele.

Tarehe 1 Agosti 1978 kengele zenyewe, si nakala, zilitundikwa Suizhou na kupigwa mbele ya watu. Leo ziko katika Makumbusho ya Jimbo la Hubei, mjini Wuhan, na ile ya mfalme wa Chu bado iko katikati ya safu ya chini, mahali ilipokutwa.